Simu ya Mikono Miwili

Karakana ya Fundi Randa iko nyuma ya nyumba yake. Ina paa la bati, meza ndefu ya kazi, na vumbi la mbao lisiloisha hata lifagiliwe mara ngapi. Hapo hutengenezwa vitanda, makabati, meza na viti. Watu walimpa fundi jina la Randa, kifaa cha kulainishia mbao, kwa sababu ubao ukishapita mikononi mwake huwa laini, hata ukiupapasa gizani huchomwi na kijiti.

Fundi Randa ni kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Aliugua homa kali akiwa mtoto mdogo, na homa ilipoondoka iliondoka na usikivu wake. Anaongea kwa lugha ya alama, yaani kwa mikono, uso na mabega. Mkewe alijifunza lugha hiyo kabla ya kuolewa. Anasema hajawahi kukutana na mwanamume mwenye maneno mengi kiasi kile.

Mke huyo majirani humwita Sauti. Anaongea kwa ajili ya watu wawili, na wengine husema ni kwa ajili ya mtaa mzima. Simu ya karakana ilikuwa yake. Mteja alipopiga, Sauti aliibana simu kati ya sikio na bega, akasimama mbele ya mumewe, na mikono yake ikaanza kazi. Mteja alisema kwa mdomo, Sauti akasema kwa mikono. Fundi alijibu kwa mikono, Sauti akajibu kwa mdomo. Shingo ilimuuma kidogo jioni, lakini wateja waliridhika.

Siku moja aliyepiga hakuwa mteja. Alikuwa kaka yake Sauti.

"Dada, mama ameanguka bafuni. Amevunjika nyonga."

"Mungu wangu! Yuko wapi?"

"Hospitali. Watampasua kesho. Lakini akitoka atahitaji mtu wa kumwinua, kumgeuza na kumwogesha. Mimi ni mtoto wake wa kiume, dada. Unamjua mama. Hatakubali."

Sauti alikaa chini juu ya rundo la mbao. Kwa mama yake kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alimweleza mumewe habari ile.

"Nenda," Fundi alisema kwa mikono.

"Na simu nani atapokea?"

Fundi aliiweka mikono yake mapajani.

Wakati ule karakana ilikuwa na oda moja kubwa: vitanda vya ghorofa kwa hosteli ya wanafunzi wa uuguzi. Kazi nyingine zote walikuwa wamezisimamisha. Msimamizi wa hosteli alikuwa mama mmoja asiyetulia. Leo ngazi iwe kushoto, kesho iwe kulia. Alipiga simu karibu kila siku, na asipojibiwa alikuwa mwepesi wa kutafuta fundi mwingine. Sauti akiondoka, oda ile inaweza kupotea na karakana ikafungwa. Asipoondoka, mama yake atalala bila mtu wa kumgeuza.

Walifikiria ujumbe wa maandishi. Fundi Randa aliacha shule mapema kwa sababu hakuna mwalimu aliyejua lugha ya alama. Vipimo anasoma vizuri sana, lakini sentensi ndefu humsumbua. Wakafanya jaribio. Sauti aliingia chumbani, akamwandikia mumewe karakanani: "Msimamizi anataka ubao wa kichwani uwe mfupi, usizibe dirisha kitanda kikisogezwa ukutani." Baada ya kitambo Fundi alitokea mlangoni na uso wa mashaka.

"Dirisha tena?" aliuliza kwa mikono. "Tulikubaliana vitanda tu."

Walicheka, lakini si sana.

Nyumba ya pili kutoka kwao anaishi mwanamke anayepokea simu za wateja wa kampuni ya mabasi. Jirani huyo alikuwa akionekana nyumbani mchana kutwa kwa muda mrefu, na Sauti alidhani amefukuzwa kazi. Safari haikuepukika. Alipokwenda na mumewe kuaga, alimkuta mezani na kompyuta, amevaa spika za masikioni, anaongea peke yake.

"Pole, jirani," Sauti alisema mwenzake alipomaliza kuongea. "Nilikuwa sitaki kuuliza. Kazi imeisha?"

"Kazi ipi? Si hii ninayofanya!" Jirani alicheka. "Zamani pale ofisini kila meza ilikuwa na simu yake na waya wake. Mteja akipiga na mtu ameenda kula, simu inaita mpaka inachoka. Siku hizi simu zetu zinapita kwenye intaneti. Namba ya kampuni ni ile ile. Lakini inaweza kuita hapa kwangu, au kwa mwenzangu kule kwake. Mteja hajui tumekaa wapi, na hana haja ya kujua."

"Sasa intaneti inabebaje sauti?"

"Inaigawa vipande vidogo vidogo, inavituma, na kule vinaunganishwa tena. Haraka sana, hata hujui kama kuna kilichogawanywa. Na picha inabebwa vivyo hivyo."

Fundi Randa alikuwa amesimama kando ya mkewe, akifuata maneno kwenye mikono yake. Alimgusa jirani begani na kuuliza swali. Sauti alilitafsiri:

"Anauliza, picha inayotembea? Na mikono inaonekana?"

"Inaonekana, shemeji. Mikono, uso, hata hilo vumbi la nyusi zako."

Familia ilinunua simu ya pili, iliyokwishatumika lakini yenye kamera nzuri. Jirani aliwawekea programu ya kupiga simu kwa intaneti kwenye simu zote mbili. "Lazima pande zote mbili ziwe na intaneti," alisema, "na programu iwe ile ile. Na mtu akikuomba tarakimu za siri zilizoingia kwa ujumbe, usimpe, hata ajiite mkurugenzi. Ukimpa, anaichukua akaunti yako na kuwaibia wateja wako."

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Fundi aliishika simu kwa mkono wa kushoto na kuongea kwa mkono wa kulia. Lakini lugha ya alama inahitaji mikono miwili. Nusu ya maneno yake ilikuwa imeshika simu.

"Sielewi kitu!" Sauti alimwambia kutoka chumbani. "Umesema kitanda au umesema mbuzi?"

Fundi alikasirika. Aliiegemeza simu kwenye kopo la gundi, nayo ikateleza ikaangukia kwenye vumbi. Hapo akakumbuka kwamba yeye ni seremala. Alichukua kipande cha ubao, akakikata, akakichimba mfereji, na kabla chai haijapoa simu ilikuwa imesimama imara juu ya kiti chake kidogo cha mbao.

Bado uso wake ulionekana mweusi tii kwenye kioo cha simu. Jirani alimwonyesha sababu: mlango wazi ulikuwa nyuma yake. "Mwanga uwe mbele yako, shemeji, ukupige usoni." Fundi aligeuza meza. Kisha akatundika shuka la bluu ukutani, maana mikono yenye vumbi la mbao ilikuwa haitofautiani na mbao zilizokuwa nyuma yake. Sasa kila neno lilionekana.

Sauti alisafiri na simu yake ile ya zamani, ambayo wateja waliijua namba yake.

Mwanzo haukuwa mzuri. Fundi aliletewa mbao mbichi, zenye maji. Mbao kama hizo zikikauka hupinda, na kitanda hulia kila mtu akijigeuza. Alitaka Sauti ampigie muuzaji mara moja. Alimpigia mkewe asubuhi, hakupatikana. Akapiga tena na tena. Mchana alikunja mikono, akakaa, na kazi ikasimama. Alihisi ameachwa, na hasira ilimpanda. Mwishowe alikwenda kwa jirani na kumwonyesha simu.

Jirani alimpigia Sauti simu ya kawaida. Ikapokelewa papo hapo.

"Dada, mbona mumeo hakupati tangu asubuhi?"

"Hakunipigia. Simu ninayo hapa kiunoni."

"Data umewasha?"

"Nitaiwashaje bila kazi? Bando si litaliwa! Mimi huwasha nikitaka kupiga, nikimaliza nazima."

"Ndiyo tabu yenyewe. Simu ya kawaida inakufikia hata data ikiwa imezimwa. Ya intaneti haikufikii. Ukizima data umefunga mlango, na mumeo anabisha nje."

Sauti aliguna kama aliyekamatwa.

"Iache wazi mchana kutwa," jirani aliendelea. "Kinachokula bando ni video zinazojipakua zenyewe. Nenda kwenye mipangilio, zizuie. Simu ya sauti inakula kidogo, ya picha inakula zaidi. Kwa hiyo picha iweke kwa ajili ya mumeo, wengine waongee nawe kwa sauti. Kama hospitali ina intaneti ya bure, itumie. Na jambo la dharura, ajali au moto, usitegemee intaneti. Piga simu ya kawaida. Shemeji yeye nimemwambia agonge mlango wangu."

Sauti aliwasha data na kuiegemeza simu kwenye meza ya kando ya kitanda. Uso wa mumewe ulitokea kwenye kioo, umevimba kwa hasira. Waligombana vizuri kwa mikono, katikati ya wodi, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama kuna ngumi zinakuja. Kisha Sauti alimpigia muuzaji, na mbao mbichi zikarudishwa.

Mtihani wenyewe ulikuja msimamizi wa hosteli alipogundua kwamba Sauti yuko safarini.

"Hivyo wewe uko huko," alisema kwenye simu, "na fundi hasikii. Mimi nitajuaje kama vitanda vinatengenezwa au nimetengenezewa hadithi? Samahani sana. Nampa mtu mwingine kazi hii."

Sauti aliona karakana nzima ikifungwa mbele ya macho yake.

"Mama, hapo ofisini una intaneti?"

"Ninayo."

"Basi nipe nafasi moja. Nakupigia sasa hivi, tukae watatu. Ukishaona kwa macho yako, uamuzi ni wako."

Kioo kiligawanyika sehemu tatu. Juu alikuwa msimamizi na miwani yake. Chini alikuwa Sauti, amesimama kwenye korido, simu ameiegemeza dirishani, nyuma yake mlango wa wodi ambamo mama yake alilala. Pembeni, mbele ya shuka la bluu, alikuwa Fundi Randa.

"Mwambie anionyeshe vitanda," msimamizi alisema.

Sauti alitafsiri. Fundi aliinua simu na kiti chake, akaigeuza. Vitanda vilikuwa vimepangwa mpaka ukutani, vingine vimekwishapigwa vanishi. Alishika nguzo ya kimoja na kukitikisa kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika. Kisha akapanda ngazi, akajilaza kitanda cha juu na mwili wake wote mzito, akajigeuza huku na huku.

Msimamizi alijizuia kucheka, akashindwa.

"Mwambie ukingo wa juu ni mfupi. Msichana akilala hovyo ataanguka. Muulize anaweza…"

Picha iliganda. Fundi alibaki mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Sauti aliomba moyoni. Picha ikarudi.

"Intaneti ilikatika kidogo, mama. Rudia tafadhali."

Msimamizi alifungua mdomo kurudia, kisha akasita. Alimtazama Fundi Randa, ambaye alikuwa akimtazama yeye. Miezi yote ile hakuwahi kumwona anavyosikiliza. Siku zote aliongea na mkewe.

"Fundi," alisema, akimwambia yeye mwenyewe, "ukingo uongeze kwenda juu. Mpaka hapa." Akaonyesha kwa mkono kwenye bega lake.

Kabla Sauti hajatafsiri, Fundi alichukua ubao mwembamba, akausimamisha penye ukingo, akaushusha kidogo, akaupandisha, macho kwenye kioo. Msimamizi aliinua dole gumba. Fundi akapiga alama ya penseli hapo hapo. Oda haikwenda kwingine.

Vitanda vilikamilika na kupelekwa. Tangu hapo msimamizi akiwa na wazo jipya, na hakuacha kuwa nalo, humpigia Fundi mwenyewe kwa picha. Huonyesha kwa mikono, Fundi huchora, wakielewana wanaagana. Jambo likiwa gumu humwingiza Sauti. Wateja wasio na intaneti bado humpigia Sauti simu ya kawaida, naye humpigia mumewe kwa picha. Karakana haikufungwa hata siku moja, na mama mgonjwa hakukosa mtu wa kumgeuza.

Kuna jambo moja ambalo hawakulipanga. Kabla ya safari ile, Fundi na mkewe hawakuwahi kuongea wakiwa mbali. Sauti aliposafiri, zamani, ilikuwa kimya mpaka arudi. Sasa kila jioni kazi ikiisha, Fundi alipangusa kioo na kumpigia. Hawakuwa na la maana. Paka wa jirani amezaa. Chumvi imewekwa wapi.

Jioni moja, Sauti akiwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake, Fundi alisema kwa mikono:

"Nyumba imekuwa kimya sana."

Sauti aliangua kicheko. "Wewe unajuaje?"

Fundi hakucheka. Aliinyoosha mikono yake miwili mbele ya kamera, viganja juu.

"Hii hapa haina wa kuongea naye."

Machozi yalimlengalenga Sauti.

"Mkwe wangu anasemaje?" mama yake aliuliza kutoka kitandani.

Sauti alimweleza. Mama akaushika ukingo wa kitanda, akauma meno, akasukuma shuka, na polepole akasimama kwa miguu yake, kwa mara ya kwanza bila kushikwa.

"Geuza hiyo simu anione," alisema. "Mwambie aje akuchukue."