Bati Alisema Mama Yupo

Saa nne asubuhi, meza ya karakana ilikuwa tupu. Roboti iliyoitwa Bati haikuwepo. Kitasa hakikuvunjwa wala dirisha, ila waya wa kuchajia nao ulikuwa umechukuliwa.

"Mwizi ana ufunguo," alisema Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. "Nani wana funguo?"

"Mimi na mfagiaji," alijibu fundi mkuu, jasho likimtoka. "Afande, Bati ni kazi ya miaka minne! Anajifunza kuongea kwa kusikiliza watu. Kila siku lazima mtu akae naye saa nzima wapige soga."

"Nani hukaa naye?"

Fundi alijikuna kichwa. "Mama mfagiaji. Sisi tulipojaribu, Bati akawa anaongea kama tangazo la mkutano."

Soga zote zilihifadhiwa kwenye kompyuta. Inspekta akataka kusikia za wiki ile. Ikatoka sauti laini ya mwanamke: "Usilie, mwanangu. Mama yupo hapa." Siku tano mfululizo, maneno yale yale.

Hiyo haikuwa soga. Lilikuwa somo.

Mfagiaji aliitwa, akaja na ndoo yake mkononi.

"Una mtoto, mama?"

"Wa miaka minne, afande."

"Sasa hivi yuko na nani?"

Ndoo ilimponyoka. "Yuko na Bati."

"Mlango?"

"Nimefunga kwa nje. Mdogo wangu aliyekuwa akimwangalia ameolewa, kahama. Mtoto akibaki peke yake analia mpaka anatapika. Nikasema angalau asikie sauti yangu. Jioni ningemrudisha Bati, haki ya Mungu!"

"Jiko?"

Mama alishika kichwa.

"Mama, jiko!"

"Nilibandika maji... sikumbuki kama nilizima."

Gari la polisi, fundi naye akiwemo, lilifika nyumbani kwa mama kwa dakika sita. Moshi ulipenya chini ya mlango. Ndani, roboti ilibembeleza: "Usilie, mwanangu. Mama yupo hapa."

Mama alihangaika na kitasa, ufunguo ukakataa kuingia. Inspekta akamnyang'anya, akafungua.

Sufuria imekauka, pazia linaungua; Inspekta akalivuta chini, akauzima moto. Mtoto akachomoza kutoka chini ya kitanda akikohoa. Mzima.

"Bati kasema upo humu," alinung'unika. "Nimekutafuta mpaka huku!"

Mama alimkumbatia, akilia na kucheka. "Nimeiba, afande. Nifunge."

Daktari aliitwa, akampima mtoto: mapafu salama. Hapo ndipo Inspekta alipovua kofia na kushusha pumzi.

"Dirisha la chumba lilikuwa wazi," alisema taratibu. "Mtoto angeweza kumwita jirani. Lakini alikuwa anakutafuta wewe. Sauti yako haifungui mlango, mama. Usimfungie tena."

Akamgeukia fundi. "Na kesi yako?"

"Mali nimepata, kesi sina," alisema fundi. "Ila kesho, mama, njoo na mtoto. Bati hajui kupiga mayowe. Mfundisheni."