Mayai ya Wageni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Violet aliwafungulia kuku, akaokota mayai na kuyapanga kwenye bakuli kabatini. Kisha yeye na Bibi Aikande, aliyemlea tangu mama yake afariki, walikunywa chai ya rangi na mkate. Mayai hayakuguswa. Hayo yalikuwa ya wageni.

Wageni gani sasa? Tangu babu azikwe kijijini Machame na wajomba warudi makazini kwao, nyumba yao ya mtaa wa Sakina ilikuwa kimya. Magari ya barabara ya Nairobi yalipita mchana kutwa, lakini hakuna lililosimama getini. Sufuria kubwa la maharage lilikaa juu ya kabati likishika vumbi.

"Maharage ni chakula cha watu wengi," bibi alisema. "Wawili tu, tunampikia nani?"

Basi mchana ugali na mchicha, jioni mkate tena. Violet alikula akitazama viti vitupu. Upweke ulimzidi mpaka akatamani hata mtu wa kugombana naye.

Bibi alikuwa na kisukari. Dawa alimeza na chai hakuitia sukari, lakini kipimo hakikushuka, na miguu yake ilizidi kukonda. Jumapili moja alishindwa kuinuka kwenye kigoda. Mjomba Philemoni aliposikia, akampigia bibi simu kutoka Dodoma, Violet akisikia.

"Hali ikiendelea hivi, mama, nitakuchukua uje huku. Violet ataenda shule ya bweni."

Violet alijifungia chooni akalia. Bibi ndiye mtu pekee aliyebaki naye.

Walipokwenda kliniki, muuguzi Nathanaeli aliuliza, "Bibi, jana mlikula nini?"

"Mayai, maharage na maziwa," bibi alijibu haraka. Angekubalije aibu ya kula mkate mkavu huku anafuga kuku?

Violet alijua ni uongo. Kumkosoa mkubwa mbele ya watu! Lakini alipolikumbuka bweni, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Samahani, bibi. Tulikula mkate, na ugali mchana. Mayai tunawawekea wageni, na mengine yameoza."

Bibi akainamisha uso. Nathanaeli hakucheka.

"Ahsante kwa kusema ukweli, binti. Bibi, mkate na ugali hugeuka sukari mwilini, hata chai ikiwa haina sukari. Protini ya mayai, maharage, dagaa na maziwa hujenga misuli, na misuli ndiyo hutumia sukari hiyo. Punguza ugali, ongeza maharage na mboga. Dawa usiache."

Njiani bibi alitazama upande mwingine. Leo nimekwisha, Violet aliwaza.

Jioni aliitwa mezani. Kilitandikwa kile kitambaa cheupe cha Krismasi, na sahani zilikuwa zile za maua za wageni. Palikuwa na mayai ya kuchemsha, maharage, mchicha tele na ugali kidogo.

"Bibi, nani anakuja?"

"Ameshakuja. Kaa ule."

Miezi michache baadaye, sukari ya bibi ilikuwa imeshuka na aliinuka kigodani bila kushikwa mkono. Mjomba aliacha habari za bweni. Getini bado hapakusimama gari, ila sufuria kubwa lilikuwa jikoni, na maharage yaliyobaki yaliliwa kesho yake.

"Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alimwambia Violet akimmenyea yai. "Mimi nilimngoja mgeni mpaka mwenyeji akaugua. Chakula bora ni cha yule unayekula naye kila siku. Na ukweli wako ule uliniuma, mjukuu wangu, lakini usingesema, leo ningekuwa Dodoma nawe ungekuwa bwenini."