Seva Haijibu

Mke wa marehemu binamu yangu alirudi kazini asubuhi ya kawaida kabisa. Alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini, na mumewe, kabla hatujamzika, alikuwa fundi mwenzake. Watu walimpa pole mpaka wakachoka wao. Aliitikia tu. Machozi yalishamkauka, na hata chai aliinywa bila kujua kama ina sukari.

Kabla ya adhuhuri kompyuta zote za chumba cha eksirei ziliganda. Picha za wagonjwa zilihifadhiwa kwenye seva moja, kompyuta kuu iliyokuwa jengo la nyuma, na kila skrini iliandika maneno yaleyale: seva haijibu, bado najaribu.

"Dada, nina mtoto mezani," mpiga eksirei alimwambia, jasho likimtoka. "Kameza betri. Daktari hawezi kumgusa bila kuona ilipokwama, na hata mashine ya kupigia picha imeganda. Zilazimishe ziache kuisubiri hiyo seva, tuanze upya."

"Zikiacha sasa, picha uliyompiga itahifadhiwa nusu."

"Basi kaiamshe, dada yangu. Haraka."

Alivuka ua kwenye jua kali, bila haraka wala wasiwasi. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Ufunguo wa chumba cha seva ulikuwa mmoja tu, nao alikuwa nao yeye, tangu siku ya msiba.

Alifungua. Kimya. Feni hazikuvuma, hapakuwa na taa hata moja. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa, ukazungushwa vizuri, ukawekwa juu ya seva. Mumewe ndiye aliyezoea kuzungusha nyaya namna ile.

Alikigusa chuma. Baridi.

Simu ikaita.

"Wewe ni kiboko!" Mpiga eksirei alikuwa anacheka. "Imejibu. Picha zote zinafunguka. Mtoto anaingizwa chumba cha upasuaji."

"Sijagusa kitu."

"Eh?"

"Haina umeme."

Yule bwana akanong'ona, "Sasa huyo anayehema hapo kwenye simu ni nani?"

Fundi hakugeuka. Alichomeka waya. Akatoka. Akafunga mlango.

Betri ilitolewa salama, na mama wa mtoto akamkumbatia kila aliyepita mbele yake. Alasiri, akikagua mafaili ya siku ile, fundi alikuta picha moja isiyo na jina la mgonjwa. Ilipigwa wakati seva ikiwa haina umeme. Mikono miwili, imeshikana. Mmoja ulikuwa wake. Aliujua kwa kidole kilichovunjika utotoni kikaunga vibaya. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Mifupa mitupu, kama mkono wowote kwenye eksirei.

Aliitazama bila kuhisi chochote. Akabonyeza kufuta.

Kompyuta ilikataa. Faili haliwezi kufutwa, iliandika. Kuna mtu bado amelifungua.