Sekunde Arobaini za Uziwi

Pikipiki ilianguka kijijini Qurus, kwenye kona ya shamba la mbaazi.

Blandina Lohay alimfikia dereva kabla vumbi halijatua. Bastola ya Glock mkononi, goti mgongoni mwa yule mtu. Hakumuuliza jina. Alimvua begi akalifungua.

Ndani kulikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama pakiti ya majani ya chai. Antena mbili. Hakikuwa na nembo.

Simu ililia: Idara ya upelelezi, wakubwa wake.

"Umekipata?"

"Ninacho."

"Wenzake wameshaingia msituni. Wanamtaka faru jike, leo. Tafuta wako wapi."

Ilikuwa saa saba na robo mchana.

Alimwacha yule mtu kwa polisi, akakimbiza Land Cruiser hadi Karatu mjini, kwa Hosiana, fundi wa redio za magari ya watalii. Hosiana alikuwa anakula makande. Alisukuma sahani pembeni, akafungua kisanduku kwa bisibisi nyembamba. Katikati ya kibao cha kijani ilikaa chipu isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho.

"Kompyuta nzima hii, dada," alisema. "Akili, kumbukumbu, masikio, vyote humu."

Blandina alitaka aiwashe haraka. Hosiana alikataa kukimbizwa. Alieleza kwamba chipu ikipata umeme haijui kitu, hata kwamba ina miguu, zile pini zake, haijui. Kwanza saa yake ianze kupiga. Kisha kumbukumbu isafishwe. Kisha kila mguu uambiwe kazi yake: huu wa kusikia, huu wa kusema. Hapo ndipo inasoma ilichoagizwa. Programu hii ilichukua sekunde arobaini kumaliza yote hayo.

Alichomeka nyaya kwenye kompyuta yake. Wakasubiri.

Sekunde arobaini ni nyingi kwa mtu mwenye bastola.

Maandishi yakapanda kwenye kioo. Hosiana aliyasoma mara mbili.

"Hakimsikilizi faru. Kinasikiliza redio. Moja tu, namba yake hii hapa."

Blandina aliijua ile namba. Ilikuwa Motorola ya Hilari.

Hilari alikuwa askari wa wanyamapori, kijana wa jirani zao kule kijijini Daa. Kwa siku nane alikuwa peke yake msituni, juu ya ukingo wa Ngorongoro, akimfuata yule faru jike kila alikokwenda. Aliyempata Hilari alimpata faru.

Hosiana akaendelea kusoma. Kisanduku hiki kilikuwa mama. Cha pili kilikuwa mikononi mwa majangili. Hilari akibonyeza redio yake aseme, cha pili kinajua alipo.

Saa nane kasoro dakika ishirini. Hilari huripoti saa nane kamili.

Kumwonya hakukuwezekana. Kule juu baridi huua betri, kwa hiyo askari huichomoa na kuiweka kwapani, chini ya sweta, mpaka saa ya kuripoti. Simu haishiki. Hilari angechomeka betri, angebonyeza, angesema. Na aliyebonyeza hasikii.

"Nitasema mimi redioni. Waje kwangu."

"Namba yako siyo waliyoiandika humu. Hakitakujali."

Blandina aliitazama chipu.

"Kikiwa kinaanza upya, kinasikia?"

"Hapana. Zile sekunde arobaini ni kiziwi kabisa." Hosiana aligusa kisanduku kilichokuwa mezani. "Na mama anaweza kukiamuru kianze upya. Kikiamka, kinataja kilipo."

Walituma amri. Sekunde arobaini baadaye kisanduku cha pili kilitaja mahali: korongo moja magharibi ya msitu. Blandina akampigia Sakaya, mkuu wa doria, kwa simu ya setilaiti.

"Utafika baada ya dakika ngapi?"

"Kumi na nane. Hapa ni kwa miguu."

"Sasa ni saa nane kasoro kumi na mbili."

"Saa ninayo, dada."

Kisha akampigia mzee Wilibrodi, mpokea ripoti kituoni. Alimwambia asiulize chochote, amwambie Hilari azime mara moja. Ripoti ni sentensi moja. Sekunde kumi.

Miaka tisa ya Idara ilikuwa imemfundisha Blandina kusema maneno manne na kufunga. Alisahau kwamba Hilari alikuwa na siku nane bila kuonana na mtu. Alisahau wanavyosalimiana Daa.

Saa nane kasoro sekunde tano Hosiana alituma amri. Kisanduku cha pili kikawa kiziwi.

Redio ya dukani ikakwaruza.

"Mzee Wilibrodi, shikamoo. Mmeshindaje huko? Mama Selestina mguu unaendeleaje? Huku baridi, mzee, hii betri nimeilea kama kifaranga."

"Achia," Blandina aliiambia redio.

Hilari hakuachia. Aliuliza kama mvua imefika Daa. Aliuliza mahindi ya mama yake.

Sekunde ishirini na tisa.

"Na dada yetu Blandina, bado hasalimii watu?" Alicheka. "Haya, mzee. Faru yupo. Ana ndama wake, wote wazima."

Sekunde arobaini na moja.

Hosiana alikuwa ameshatuma amri tena. Kama kila amri, ilichukua sekunde tatu kupokelewa.

Sekunde tatu zilitosha. Mstari mmoja ulipanda kwenye kioo: mahali alipo Hilari, jirani kabisa na korongo.

Blandina alisimama katikati ya duka, bastola kiunoni, funguo za gari mkononi, kilomita arobaini mbali.

Sakaya alifika korongoni saa nane na dakika sita. Risasi zilikuwa zimelia dakika ya nne. Aliwakamata watu watatu, wawili wageni, pamoja na bunduki na msumeno wa pembe. Faru na ndama wake walikuwa wamekimbilia vichakani.

Hilari alikuwa amelala kifudifudi, amekufa. Betri ilikuwa bado na joto.

Idara ilipiga simu.

"Kazi nzuri. Imekwisha?"

"Imekwisha."

Alivaa miwani ya jua, akamshukuru Hosiana, akatoka. Alitembea taratibu hadi kwenye gari. Redio ya gari ilikuwa wazi. Mzee Wilibrodi alikuwa akiita vituo, kimoja kimoja, kama kila saa. Cha Hilari hakikujibu. Aliita mara ya pili.

Blandina akabonyeza.

"Mzee Wilibrodi, shikamoo."

Redio ikakwaruza.

"Marahaba, mwanangu."

"Mmeshindaje huko? Mama Selestina mguu unaendeleaje?"

Mzee alieleza, polepole, habari za mguu wa mkewe, za dawa, za wajukuu. Blandina alisikiliza mpaka mwisho. Hakutazama saa.

Kisha akawasha gari, akashika njia ya Daa, kwa mama yake Hilari.