Masikio ya Fundi wa Dizeli

Kila asubuhi Ghislaine alifungua saluni yake ndogo chini ya ghorofa, mtaa wa Albert Park mjini Durban. Baba yake, mzee Anicet, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akitazama taxi zinavyopita. Wateja walimsalimu. Wengine aliwaitikia, wengine aliwaacha hivyo hivyo. Ghislaine alisuka, akapiga soga na wateja. Na baba yake hakuongea sana.

Ghislaine alikuwa na kinyongo. Mama yake, Julienne, alifariki mwaka juzi baada ya kuugua. Siku ile ya mwisho mama alimwita mume wake kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo, nyembamba. Mzee Anicet alikuwa amekaa chumba kilekile, amempa mgongo, anasoma Biblia. Hakugeuka. Ghislaine aliisikia sauti ile kutoka jikoni. Hakwenda, maana alijua papa, yaani baba yake, yuko pale. Alipoingia baadaye alimkuta mama analia kimya kimya. Jioni haikumkuta hai.

Tangu hapo Ghislaine alimwona baba yake kuwa mtu wa kiburi. Hakumwambia kitu. Alimpa chakula, akamfulia nguo, basi.

Siku moja alikuja kijana Mtanzania, Ephraim, mwanafunzi wa chuo. Alikuwa anatafuta historia ya vichwa vya treni vya kwanza vya dizeli-umeme. Kanisani aliambiwa kwamba mzee Anicet alikuwa fundi wa reli kule kwao Kalemie, Kongo.

"Shikamoo mzee," alisema huku akiinamia simu yake ili arekodi. "Kichwa cha kwanza cha dizeli mlikipokeaje pale karakana?"

Mzee akatabasamu. "Ndiyo, hapa Durban baridi haiko sana."

"Na kabla yake mlikuwa mnatumia vya mvuke?"

"Watoto wako wazima, asante."

Ghislaine aliona haya. "Usijisumbue, kaka. Akili ya papa imeisha. Ni uzee." Aliyasema hayo mbele ya baba yake, wala mzee hakushtuka. Ephraim akaaga, akaondoka.

Kwenye kiti cha kusukia alikuwa amekaa jirani yao Sikujua, Mtanzania pia. Anafanya kazi kliniki ya masikio katika hospitali ya serikali. Aliinuka na nywele nusu zimesukwa, akasimama nyuma ya mzee.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake penye mwanga, akasema maneno yale yale polepole.

"Marahaba, mama," mzee akajibu papo hapo.

"Dada Ghislaine," Sikujua alisema, "akili yake ni nzima. Hasikii."

"Anasikia. Mimi nikipaza sauti anakasirika."

"Ukipaza sauti unamuumiza, humsaidii. Alikuwa anafanya kazi gani hasa?"

"Kutengeneza vichwa vya dizeli. Maisha yake yote."

Sikujua akatikisa kichwa. "Kelele kubwa za miaka mingi huua sehemu laini iliyo ndani kabisa ya sikio. Haiumi, ndiyo maana mtu hajui. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kama za watoto na za wanawake. Anayezungumza kwa sauti ndogo nyuma yake, hamsikii kabisa."

Ghislaine aliacha kitana kikaanguka. Aliketi, akaikumbuka sauti ya mama yake siku ile.

Walimpeleka kliniki. Masikio yalisafishwa, yakapimwa. Daktari aliwaambia kwamba usikivu uliokufa haurudi, lakini vifaa vya kusikia vitamsaidia. Walivisubiri kwa miezi. Wakati huo wote Sikujua aliwafundisha: mguseni bega kwanza, mtazameni usoni, semeni polepole bila kupiga kelele, zimeni redio.

Mzee alipopata vifaa vyake, Ghislaine alimtafuta Ephraim mwenyewe. Safari hii kijana alikaa uso kwa uso na mzee.

"Watu wanafikiri injini ya dizeli ndiyo inazungusha magurudumu," mzee alisema. "Hapana. Injini inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, umeme unashuka kwa mota ziko chini kwa ekseli, vile vyuma vinashika magurudumu. Mota ndizo zinavuta."

"Vya kwanza vilitoka wapi?"

"Vile vya mwanzo vilivyouzika vizuri vilitengenezwa Amerika, karibu miaka mia iliyopita. Vilikuwa kama sanduku, kazi yake kusogeza mabehewa ndani ya yadi ya stesheni. Cha mvuke unakipasha moto saa nyingi. Cha dizeli unawasha, unaenda. Kwetu kilipofika miaka mingi baadaye, watia makaa walihuzunika, walijua kazi yao imekwisha. Sisi mafundi tulifurahi. Tulifungua milango ya injini tukaweka masikio karibu. Fundi mzuri alijua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza. Hakuna aliyetuambia tuzibe masikio."

"Wenzako walikuwa nani?"

Mzee alitaja wawili. "Majina ya wengine yamenitoka, mwanangu. Ungekuja zamani."

Ghislaine akageuza uso; ni yeye aliyemrudisha kijana mara ya kwanza.

Ephraim alipoondoka, mzee alimwita binti yake. "Mama yako, siku ile. Alisema kitu?"

Angeweza kumdanganya. Alivuta kiti, akakaa mbele yake penye mwanga. "Alikuita, papa."

Mzee alitazama midomo yake. "Nami nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale. Na mimi nilikuwa jikoni, nilisikia. Nilifikiri utaenda."

"Ningeenda," alisema mzee.

"Najua, papa. Sasa ninajua. Unisamehe."

Mzee alimshika mkono.

Hardy, mume wa Ghislaine, hukata vyuma kwa mashine katika karakana huko mtaa wa Sydenham. Alizoea kusema kwamba kelele ameshazizoea. Kesho yake asubuhi mzee Anicet alisimama mlangoni, akamzuia.

"Ulizoea, au masikio yameanza kufa?" alimwuliza. "Mimi pia nilizoea."

Hardy alinunua vizuia kelele siku hiyo hiyo, vile vikubwa vya kufunika masikio. Mzee alivikagua kwa vidole kama alivyokuwa akikagua vyuma vya injini, kisha asubuhi iliyofuata akampisha aende kazini.