Asubuhi Manyun Aliporudi Mazoezini

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Liao Manyun huteremka ngazi kwa soksi, viatu mkononi, ili asimwamshe bibi yake. Mama yake huwa amekwisha kumwekea mezani maziwa ya soya ya moto na vipande viwili vya keki ya figili vya kukaanga. Manyun hula amesimama, kisha huchukua baiskeli kibarazani na kuvuka barabara. Shule ipo ng'ambo tu ya barabara, pembezoni mwa mji wa Puli, na timu ya baiskeli hukusanyika hapo uwanjani.

Lakini tangu Desemba hakuwa amefanya hivyo. Homa ya mapafu ilimlaza hospitalini wiki mbili, na nyumbani wiki nne. Mwaka Mpya ulimpita akiwa chini ya blanketi, akisikiliza fataki za binamu zake huko nje. Daktari alipomruhusu kurudi mazoezini, kocha wa timu, Kocha Tu, alimpigia mama yake simu na kueleza jinsi atakavyoanza. Kwanza, dakika kumi na tano za kupasha misuli: kuzunguka uwanja polepole kwa gia nyepesi, kurusha miguu mbele na nyuma, kuchuchumaa na kuinuka. Kisha aendeshe nyuma ya wenzake hadi darajani na kugeuza. Misuli iliyolala wiki sita, alisema kocha, haiamshwi kwa teke.

Jumamosi hiyo Manyun alichelewa kuamka. Alipofika, wenzake walikuwa wamemaliza kupasha misuli na kuvua makoti, wakitoa mvuke mdomoni kwa baridi ya Februari. Kexin, aliyemzidi darasa moja, alimkaribisha kwa utani.

"Mgonjwa wetu, leo utatuonyesha mgongo wako, au utaangalia yetu?"

"Nitakuonyesha, Dada Kexin. Usilie tu."

Wasichana wakacheka. Kocha Tu, aliyekuwa akijaza upepo gurudumu la mtu, aliinua kichwa na kumwuliza Manyun kama amepasha misuli. Manyun aliona kwamba akisema hapana, watamwacha akizunguka peke yake uwanjani kama mtoto wa darasa la kwanza. Tena baada ya wiki nne kocha angechagua wasichana wanne wa mashindano ya wilaya.

"Ndiyo, Kocha," alisema. "Nimepasha nyumbani."

Walitoka kwa mstari mmoja, kocha akifuata kwa gari. Mwanzoni Manyun alikaa nyuma kama alivyoagizwa. Miguu yake ilikuwa mizito na baridi, lakini moyo ulikuwa umejaa furaha. Walipokaribia daraja, mahali alipotakiwa kugeuza, barabara ilipoanza kupanda kando ya mashamba ya mianzi, hakugeuza. Aliinuka kwenye kiti, akakanyaga kwa nguvu zote, akawapita watatu, akampita na Kexin. Kexin alicheka, akamfuata kwa karibu, gurudumu kwa gurudumu.

Ndipo kitu kilipokatika nyuma ya paja lake la kulia. Alikihisi kama kamba iliyovutwa ikakatika ghafla. Mguu ukakataa kusukuma, baiskeli ikayumba kushoto. Gurudumu la mbele la Kexin likagonga lake la nyuma, na Kexin akarushwa juu ya usukani.

Manyun alibaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia ukuta wa daraja. Kexin alikuwa amelala kifudifudi kwenye lami, kofia yake ngumu imepasuka ubavuni, na hakusogea. Hakuna aliyepiga kelele. Manyun alitazama gurudumu la Kexin likiendelea kuzunguka lenyewe, tik tik tik, akahisi kwamba likisimama, kitu kibaya kisichosemeka kitakuwa kimetokea.

Kexin alikohoa kabla halijasimama.

Hospitalini, walikopelekwa kwa gari la kocha, ilijulikana kwamba mfupa wa mtulinga wa Kexin, ule wa kati ya shingo na bega, umevunjika. Msuli wa paja la Manyun ulikuwa umechanika kidogo. Wenzao walieleza walichoona: Kexin alimkaribia mno Manyun, akamgonga. Mama Kexin alimgombeza binti yake palepale kitandani, kwamba amemwumiza mtoto aliyetoka kuugua juzi tu. Manyun alikuwa kwenye kitanda cha pili, na pazia lilikuwa wazi. Alisikia kila neno. Alinyamaza.

Usiku ule hakula. Kesho yake alimwomba mama ampeleke hospitalini kumwona Kexin, akaenda na kapu la mapera, akichechemea. Alikuwa amepanga la kusema, lakini Kexin, mkono ukiwa umefungwa kifuani, alimtangulia.

"Manyun, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuharibia paja."

Manyun aliliweka kapu sakafuni.

"Si wewe, Dada. Sikupasha misuli. Nilimdanganya Kocha. Msuli wangu ulichanika kabla hujanigusa."

Kexin aligeuza uso dirishani, na machozi yakamtiririka hadi sikioni.

"Mama amenisema siku nzima," alisema. "Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Nenda kamwambie Kocha. Mimi usiniambie kitu leo."

Manyun alimwambia kwanza Mama Kexin, aliyekuwa mlangoni na birika la maji ya moto. Mama yule hakumgombeza. Aliingia ndani, akaketi kando ya binti yake na kumwomba radhi. Jumatatu Manyun alimweleza Kocha Tu, kisha timu nzima. Kocha alisema na yeye ana kosa: aliuliza, lakini hakutazama. Tangu siku hiyo alisimama uwanjani mwenyewe mpaka kila mmoja alipomaliza kupasha misuli.

Mashindano ya wilaya yaliwapita wote wawili. Manyun alianza upya mwezi wa Machi, akizunguka uwanja peke yake kama alivyoogopa, na baada ya mazoezi akinyoosha misuli taratibu bila kuilazimisha. Mwezi wa Mei Kexin naye akarudi. Siku ya kwanza aliogopa kumfuata mtu yeyote kwa karibu, akawa anaacha nafasi ya gari zima. Manyun alipasha misuli pamoja naye, dakika zote kumi na tano, bila wao kusema mengi.

Kocha Tu aliwaita wasichana wote kabla ya kutoka.

"Mwili haudanganyiki," alisema. "Ukiuambia uko tayari wakati hauko, utakujibu barabarani. Lakini kumbukeni zaidi hili: anayekufuata nyuma haoni barabara, anaona mgongo wako tu. Amekukabidhi mifupa yake. Ukinidanganya mimi, yeye ndiye anayeanguka."

Wakajipanga. Manyun alisogea pembeni ili Kexin achague nafasi anayotaka. Kexin alifikiri kidogo, akafunga kofia vizuri, kisha akaingia nyuma yake.

"Twende," alisema. "Polepole kwanza."