Khalwa ya Mwalimu Jamaldin

Sajini Awino ilibidi ausukume mlango kwa bega, maana maiti ilikuwa imeuegemea kwa ndani.

Inspekta Mumo alisubiri kwenye korido ya ghorofa ya tatu, akihema. Nyumba za Mji wa Kale hazikujengwa kwa kufikiria magoti ya polisi. Alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, na sasa kulikuwa na maiti kabla hata ya chai.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na mkeka, godoro jembamba, mtungi wa maji na sahani ya tende. Marehemu alikuwa mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, midomo imegeuka rangi ya samawati. Kucha zake mbili zilikuwa zimevunjika. Mbao za mlango, upande wa ndani, zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Huyu hakufa katika ibada, afande," Awino alisema. "Alikuwa anataka kutoka."

Mumo aligusa komeo la chuma. Lilikuwa limepigiliwa nje ya mlango.

Kwenye ngazi walikuwa wamekaa wanawake wawili. Mmoja aliitwa Mwanarusi, mjane mwenye uso wa kufunga mambo yake, ambaye ndiye aliyepiga simu polisi. Mwingine alikuwa binti yake, Tumu, msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, weupe wa macho yake umeingia umanjano. Tumu alikuwa akitabasamu. Mumo hakupenda kuona mtu akitabasamu karibu na maiti.

"Nani alifunga komeo hili, mama?"

"Mimi. Ndiyo ada ya hapa. Mtu akiingia khalwani, kukaa peke yake na Mola, khadimu wake, yule amhudumiaye, humfungia kwa nde. Hafunguliwi mpaka siku zake zitimie."

"Akiugua?"

"Hafunguliwi."

"Akipiga kelele?"

"Asemaye si yeye, ni nafsi yake. Khadimu hujibu neno moja tu: nafsi yalia. Kisha hunyamaa."

"Sheria hiyo aliiweka nani?"

Mwanarusi alinyoosha kidevu kuelekea chumbani. "Yeye mwenyewe. Mwalimu Jamaldin."

"Na jana mchana? Hakuita?"

"Siyui. Yana mtana nalikuwa sokoni Marikiti. Nilipokuya palikuwa kimya. Yeo asubuhi nimembishia hodi, hakuitika, ndipo nikawaita nyinyi."

Tumu aliinua uso. "Mnasikitika nini nyote? Mwalimu amefikia fanaa, amezama kwa Mola. Ndicho alichokuwa akikitafuta. Wachache hukipata."

"Na wewe?"

"Mimi Ijumaa ni zamu yangu. Chumba hichohicho."

Mama yake alivuta ukingo wa buibui yake na kuukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Walipekua chumba mpaka jua likapanda. Chini ya godoro Awino alipata kifuniko kidogo cha plastiki, cha buluu. Hapakuwa na kitu cha kufunikwa nacho.

Daktari wa maiti hakuzunguka.

"Pumu. Ilimbana akakosa hewa. Ninyi mmesema kulikuwa na chetezo mlangoni?"

"Cha udi. Majivu yalikuwa bado yapo."

"Moshi wa udi, chumba kisicho na dirisha, mtu mwenye pumu ya miaka mingi. Angekuwa na pampu yake ya kuvuta, saa hizi ungekuwa unamhoji yeye."

Mumo alimwonyesha kifuniko cha buluu. Daktari alikitazama mara moja tu. "Ndiyo hicho. Sasa tafuta chenyewe."

Kwenye simu ya marehemu kulikuwa na ujumbe wa malipo kwa duka la dawa la Ganjoni. Jambo hilo lilimkera Mumo. Mtu wa Mji wa Kale, aliyezungukwa na maduka ya dawa kila kona, alikuwa akipanda tuktuk mpaka Ganjoni kutafuta nini?

Muuzaji, msichana aitwaye Purity, aliitambua picha papo hapo. "Huyu mzee huja kila mwezi. Pampu ya pumu. Wiki iliyopita alichukua mbili. Huniambia nimtilie kwenye mfuko mweusi."

"Kwa nini mweusi?"

"Nilimuuliza. Akasema watu wake hawawezi kuelewa."

Mumo alirudi kituoni na kumkuta mkubwa wake amekwisha kupata muuaji. Maxwell, mhadhiri kijana wa falsafa anayeishi Buxton, alikuwa selo. Wiki mbili nyuma alikuwa amesimama barazani kwa Jamaldin na kumpigia kelele mbele ya watu kwamba maneno yake yataua mtu. Tena jana alionekana akipanda ngazi za nyumba ile.

"Kesho asubuhi apelekwe kortini," mkubwa alisema. "Mji wa Kale wananipigia simu mimi, si wewe."

Mumo alimtoa Maxwell selo, akampa kiti na chai.

"Ulisema maneno yake yataua."

"Nilisema, na yameua. Sikujua tu kwamba ataanza yeye."

"Nieleze. Lakini nieleze kama mtu anayemweleza mtu aliyechoka."

Maxwell alicheka kidogo, kisha uso ukamrudi. "Haya maneno yana wenyewe, Inspekta. Waliyatunza karne nyingi, na kila moja wameliwekea masharti. Chukua khalwa. Ni kukaa faraghani na Mola wako, na mwalimu wako anaijua hali yako kila siku. Mgonjwa haingizwi. Hakuna anayepigiliwa komeo. Chukua fanaa. Ni kiburi cha mtu kwisha, ile mimi, mimi yake. Baada ya hapo mtu hurudi sokoni akanunua viazi, akawa mpole kuliko jana. Hakuna aliyesema mwili ndio uishe."

"Na Jamaldin?"

"Jamaldin alikuwa ajenti wa bima. Aliyaokota kwenye simu, akayachanganya na karma na mambo ya nyota, akawa mwalimu. Masheikh wa mtaa walimkanya, akawaambia wao wameshika ganda. Kwake hijabu, lile pazia kati ya mja na kweli, likawa ni maradhi. Akawaambia watu kila kidonge wanachomeza wanalishona pazia upya." Alisukuma kikombe pembeni. "Tumu ana seli mundu. Ameacha dawa tangu Ramadhani. Ameshalazwa mara mbili. Akifungiwa mle, bila maji ya kutosha, hatoki hai. Ndiyo maana nilipiga kelele. Ndiyo maana jana nilienda."

"Ukamfikia Jamaldin?"

"Sikufika hata ghorofa ya pili. Mama Tumu alinirudisha. Alisema khalwa haiingiliwi."

"Wakati gani?"

"Muda mfupi kabla ya adhuhuri."

Mumo aliacha kalamu. Mwanarusi alisema wakati huo alikuwa Marikiti. Lakini hili lilikuwa neno la mshukiwa, na mkubwa angelicheka.

Chini ya nyumba ile alikaa fundi cherehani, Kingi, mtu wa Kaloleni aliyeshona kanzu za nusu ya mtaa. Mumo alimkuta akitia nyuzi.

"Jana ulisikia nini huko juu?"

"Mwanamume akiita, mwanamke akimjibu 'nafsi yalia'. Tangu adhuhuri, mpaka karibu waadhini alasiri."

Alilisema kama anayetaja bei ya vifungo. Mumo alivuta kigoda akakaa.

"Hukupanda?"

"Kupanda kufanya nini, afande? Kila anayeingia mle huita. Kuna mama mmoja aliita siku mbili, akatoka akitushukuru. Mara ya kwanza nilikimbia kwenda kufungua, nikatukanwa na Mwalimu mwenyewe, mbele ya wateja wangu. Kwa hiyo tukazoea. Mtaa mzima umezoea."

"Sauti ya mwanamke uliitambua?"

"Mama Tumu. Nani mwingine?"

"Mbona hukutuambia?"

"Mliuliza kama nimeona mgeni."

Kwa miaka aliyofanya kazi hii Mumo alikuwa amewachukia wauaji wachache tu. Siku ile alimchukia maiti, na hilo halikumsaidia kitu. Mtu alikuwa ameufundisha mtaa mzima kutosikia kilio, kisha akalia.

Mwanarusi aliletwa kituoni alasiri. Alikaa wima, mikono mapajani, Awino pembeni yake.

"Mama Tumu, hukuwa Marikiti."

"Sikuwa."

"Ulikuwa mlangoni."

"Nalikuwa mlangoni. Nikafuata ada. Yeye aliniamuru kwa kinywa chake nisimfungulie hata akinililia, na watu wote walikuwapo. Waulize."

"Pampu yake iko wapi?"

"Pampu gani?"

"Nani alifagia chumba kabla hajaingia?"

"Khadimu ndiye afagiaye."

"Basi ni wewe."

"Basi ni mimi. Kufagia nako ni kosa?"

Mumo alijua alipokwama. Wakili yeyote mwenye akili timamu angesimama na kusema: mama huyu alitii, marehemu alijifungisha mwenyewe. Kifuniko kimoja cha plastiki hakimfungi mtu. Mkubwa angerudi kwa Maxwell, kwa sababu Maxwell alikuwa tayari yuko selo na ilikuwa rahisi kumwacha humo.

Simu ya Awino ikaita. Alisikiliza, akatoka nje kidogo, akarudi na kumnong'oneza Mumo. Mumo aliinamisha kichwa. Kuna mambo ambayo polisi huyatumia na baadaye hataki kujitazama kiooni.

"Mama," alisema. "Tumu ameng'oa utepe wetu mlangoni. Amekifagia kile chumba mwenyewe. Anapita kwa majirani akitafuta wa kumfungia komeo. Hataki kungoja Ijumaa. Anasema Mwalimu amemwonyesha njia kwamba inafika."

Mwanarusi hakulia. Alianza kupumua kwa mdomo.

"Mzuieni."

"Leo nitamzuia. Nitamweka askari. Kesho nimwambie nini? Ni mtu mzima. Anaamini yule mtu alikufa kwa utulivu, amefika. Mimi sina wa kumwambia vingine. Aliyekuwapo ni wewe peke yako."

Awino aliangalia sakafu.

"Nikisema nitafungwa," Mwanarusi alisema.

"Ndiyo."

"Mleteni. Nitasema naye akisikia. Hayupo, sisemi."

"Nikuonye kwanza. Maungamo yenyewe atayaandika inspekta mwingine, si mimi, na una haki ya kuwa na wakili. Hulazimiki kunena chochote."

"Nimekwambia mleteni mwanangu, bwana."

Tumu aliingia na vumbi la ufagio kwenye mikono ya buibui. Bado alikuwa na lile tabasamu. Alimbusu mama yake mkono, akakaa.

"Mama, waambie waniwache. Hawaelewi fanaa ni kitu gani."

"Mimi naelewa. Nalikuwapo." Mwanarusi alimgeukia. "Nisikilize, wala usinikate. Mimi ndimi nilokutia kwa mtu yule. Madaktari walikuwa wameniambia utaishi na dawa mpaka ufe, yeye akanambia utapona. Nikampenda kwa neno hilo. Akakwambia utupe vidonge, nikanyamaa. Ukalazwa, nikanyamaa. Nikasema labda mimi ndimi nsiyeelewa, maneno yake ni makubwa."

"Mama, ..."

"Nimesema usinikate. Siku ya kuingia kwake nikafagia. Chini ya godoro nikakuta soksi, ndani ya soksi pampu mbili za pumu. Nikakaa tini, Tumu. Nikakaa tini pale pale. Wewe alikutupisha dawa, yeye alizificha zake."

Tabasamu la Tumu lilikuwa bado lipo, ila sasa halikuwa na kazi.

"Si zake. Mwalimu hakuwa na maradhi. Alikwisha kulivuka pazia."

"Nikazitwaa," Mwanarusi aliendelea. "Kifuniko sikukiona. Nikasema, haya, nawe uingie bila dawa kama mwanangu atakavyoingia. Sikusema afe. Nalitaka aone. Udi nikautia kama ada. Ikamshika. Akapiga mlango."

"Akasema nini?"

"Aliita jina langu. Akasema, Mwanarusi, nipe dawa yangu."

"Alisema dawa?"

"Dawa. Akasema iko tini ya godoro, siioni, nani ameitwaa. Akasema fungua, hii si nafsi, ni mimi, ni kifua. Akasema yale yote alikuwa akinena tu. Akaapa kwa mamake."

"Nawe?"

Mwanarusi alifumba macho. "Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Haki ya Mungu ulikuwapo. Nikawaza: nikimfungulia, atavuta dawa yake, ataoga, na Ijumaa atakutia wewe, na mimi ndiye nitakayefunga. Nikamwambia, nafsi yalia, mwalimu. Kila akiita, nikamwambia. Mpaka akawa haiti."

Nje tuktuk ilipiga honi na mtu akacheka. Tumu alikuwa akimtazama mama yake kama mtu anayejaribu kusoma bila miwani.

"Pampu ziko wapi?" Mumo aliuliza taratibu.

"Jikoni kwangu, ndani ya mtungi wa unga."

"Alilia kwa muda gani?" Tumu aliuliza.

"Muda mrefu, mwanangu."

"Ukimsikia."

"Nikimsikia."

Tumu alisimama. Alishika ukingo wa meza, na Awino alipotaka kumsaidia akamwondoa mkono. Hakumsogelea mama yake. Alifika mlangoni, akazungumza akiwa amewapa mgongo.

"Sajini, una gari?"

"Ninalo."

"Nipeleke hospitali. Kliniki yangu wanajua dawa zangu."

Alitoka bila kuaga. Awino alimfuata mbio, funguo mkononi.

Mwanarusi alibaki akisikiliza nyayo za mwanawe kwenye korido. Zilipokwisha, alimgeukia Mumo.

"Hatanisamehe."

"Sijui, mama."

"Lakini dawa amesema mwenyewe? Hukumlazimisha?"

"Amesema mwenyewe."

Alitikisa kichwa kukubali, akaitengeneza buibui yake vizuri mabegani.

"Basi mwite huyo mwenzio mwenye kuandika."